Subaru ya turbo ikikata nguvu kwenye busti: pima presha kabla ya kununua pampu

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. Gari linawaka vizuri, mjini linatembea bila shida, ila ukiingia barabara kuu ukalikanyaga upite lori, turbo ikianza tu kusukuma hewa (presha hiyo ya ziada ndiyo busti), nguvu zinakatika. Mwingine atasema linarukaruka, mwingine atasema ni kama kuna mtu kazima swichi. Na kabla hujafungua boneti, jibu ameshapewa mtaani: "Fundi, nibadilishie pampu ya mafuta." Mara nyingi pampu yenyewe ameshainunua, iko kwenye boksi lake kiti cha nyuma.

Pampu hulaumiwa kuliko inavyostahili. Kwenye Impreza WRX na Forester za turbo, zile za injini ya EJ20 na EJ25, kati ya tangi na silinda kuna vitu vingi vinavyoweza kuleta dalili hiyohiyo, na baadhi yake, ukilinganisha na pampu, bei yake ni kama ya soda tu. Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana mizizi: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns naye akaishinda kwa Impreza mwaka 2000. Lakini gari tunalolifungua gereji si la rali. Limetoka Japani likiwa limeshatumika, limepita mikono kadhaa, na katika mikono hiyo hakukosekani aliyepandisha busti, aliyekata waya na aliyefunga mpira usiofaa ndani ya tangi.

Kwanza ieleweke mafuta yanavyotembea. Pampu iliyozama ndani ya tangi inasukuma petroli, inapita kwenye filta, inaingia kwenye bomba la injekta, na mwisho wa bomba hilo kuna regulata inayorudisha ziada kwenye tangi. Regulata haishikilii presha moja isiyobadilika. Inachoshikilia ni tofauti kati ya presha ya mafuta na presha ya hewa ndani ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda), na tofauti hiyo kwenye injini hizi ni karibu bari 3, yaani psi 43. Ndiyo sababu ina mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Busti ikiwa bari 0.5, presha ya mafuta iwe 3.5. Busti ikifika 0.8, mafuta yawe 3.8. Ikifika bari 1, yawe 4. Hesabu hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote inayofuata.

Presha ikishindwa kupanda pamoja na busti, injekta inamwaga kidogo hata ikifunguka kwa muda uleule. Kiasi kinachotoka kinafuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Tofauti ikishuka kutoka bari 3 hadi 2.4, mafuta yanapungua kwa karibu asilimia 11, na mchanganyiko (uzito wa hewa kwa uzito wa petroli) uliopangwa kuwa 11.2 kwa 1 unakuwa 12.5. Ikishuka hadi bari 2, unafika 13.7. Bila busti, 13.7 haina neno. Kwenye busti kamili ni hatari: injini inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda, na pistoni za EJ25 zinajulikana kwa kuvunjika kingo zinazoshika ringi. Kwa hiyo gari lenye dalili hii lisiendelee kukanyagwa "ili tusikie vizuri". Likanyagwe mara moja, likiwa na geji, na mguu utoke mara tu namba zikionekana mbaya.

Sikiliza linavyokatika

Namna nguvu zinavyokatika inasema mengi. Likigonga kama limepigwa nyundo, kila mara kwenye busti ileile, kisha likarudi kawaida ukiachia mafuta, hiyo mara nyingi ni kompyuta inayokata mafuta kwa makusudi kwa kuwa busti imezidi kiwango. Hapo tafuta mpira wa westigeti (vali inayoizuia turbo isizidishe busti) uliochomoka au kupasuka, au solenoidi ya busti iliyokwama. Pampu haihusiki kabisa.

Likikohoa kwa kasi, pa-pa-pa-pa, kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 busti ikipanda, na likiwa halina busti linatembea vizuri, anza na moto wa plagi. Hewa iliyoshindiliwa inafanya cheche iwe ngumu kuruka. Nafasi ya plagi kwenye injini hizi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Tumetoa plagi zilizolika hadi 1.1, mwenye gari akiwa ameshabadilisha pampu na filta. Koili zenye ufa huleta dalili hiyohiyo, hasa siku za mvua.

Likitoa moshi mweusi na harufu ya petroli, busti haifiki, na unasikia hewa ikivuma, kuna bomba la baada ya turbo linalovuja, mara nyingi kwenye maungio ya intakula, kipoza hewa inayotoka turbo. Sensa ya hewa, iliyo kabla ya turbo, imeshaihesabu hewa hiyo, kompyuta imeshamwaga mafuta yake, halafu hewa inatokea njiani. Injini inalewa petroli. Hili ni kinyume kabisa cha ugonjwa tunaoutafuta, lakini wenye magari huelezea yote mawili kwa neno moja: "haivuti".

Upungufu halisi wa mafuta haukati ghafla kama nyundo wala haukohoi mwanzoni. Nguvu zinafifia polepole kadiri mizunguko inavyopanda, kana kwamba gari limefungwa trela, na kukohoa kunakuja baadaye. Kama hali inazidi tangi likiwa chini ya nusu, kwenye kona ndefu au mlimani, weka alama hapo. Tutalirudia tangi.

Skana inasema nini

Magari mengi ya miaka ya mwanzo ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayazungumzi na vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya ELM327. Vinaunganishwa, vinawaka taa, halafu kimya. Usiseme kompyuta ya gari imekufa. Kebo ya aina ya KKL pamoja na programu ya bure kama FreeSSM au RomRaider husoma kompyuta za Subaru kwa lugha yake yenyewe, tena huonyesha mambo ambayo skana ya kawaida haionyeshi.

Angalia marekebisho ya mafuta, yale ya papo kwa papo na yale ambayo kompyuta imejifunza. Jumla yake ikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, gari liko sawa. Ikipita 10, kuna kitu. Ikikaribia 25 juu, taa ya injini itawaka na msimbo P0171 (mafuta ni kidogo kuliko hewa). Lakini namba moja haitoshi. Muhimu ni namba hiyo inabadilikaje.

Ikiwa iko juu wakati injini inaunguruma bila kukanyagwa, halafu inarudi kawaida ukiishikilia kwenye 2,500, kuna hewa inayoingia kwenye manifoldi bila kupimwa. Ikiwa kawaida injini ikiwa imetulia na inapanda unapoongeza mzigo, ndipo mafuta yanaposhukiwa, au sensa ya hewa iliyochafuka. Ikiwa juu kila mahali, kagua bomba la mpira linalotoka sensa ya hewa kwenda turbo. Kwenye EJ bomba hili limejificha chini ya manifoldi, hupasuka upande wa chini usioonekana, na kwa kuwa turbo inalivuta muda wote, linaingiza hewa isiyopimwa hata kwenye busti. Weka kioo kidogo na tochi, au lipulizie moshi. Mafundi wengi huliruka kwa kuwa kulifikia ni kazi.

Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu. Ile ya kabureta iache. Wala usiipanguse kwa kidole au kitambaa. Injini ikiwa na joto lake na eyakondishina imezimwa, tunatarajia gramu 2.5 hadi 4 kwa sekunde. Na kabla ya kuamini sensa ya oksijeni ya mbele, hakikisha ekzosi haivuji kabla yake. Mpasuko kwenye manifoldi ya ekzosi unavuta hewa ndani kati ya mapigo, sensa inaiona, na kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika.

Jambo moja la kukumbuka: ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta haifanyi tena marekebisho ya papo kwa papo. Inamwaga kwa kufuata jedwali lake na yale iliyojifunza. Kwa hiyo skana inaweza kuonyesha namba nzuri wakati injini iko hatarini kwenye busti. Hapo ndipo geji ya presha isipokuwepo, kinachobaki ni kupiga ramli.

Geji ya presha

Geji ya kawaida ya psi 0 hadi 100 inatosha, na kiungo cha T kwenye mpira kati ya filta na bomba la injekta. Kwenye magari ya zamani filta iko ndani ya boneti karibu na kichwa cha shokamzoba. Kwenye mengi ya baadaye imeunganishwa na pampu ndani ya tangi, hivyo utakata kwenye mpira unaoingia injini.

Kabla ya kuchomoa mpira wowote, toa presha. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe, piga stata sekunde chache zaidi, kisha toa waya hasi wa betri. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi, usiwe ofisini. Turbo ya EJ imekaa juu, nyuma ya injini, na petroli inayochuruzika juu ya turbo ya moto haihitaji kiberiti.

Mpira uwe wa presha ya injekta, ulioandikwa SAE J30R9, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 kwa magari mengi haya. Klempu ziwe zile za mviringo kamili zisizo na matundu, kwa sababu zile zenye matundu hukata mpira.

Jaribio la kwanza: washa injini, acha iungurume, kisha chomoa mpira mwembamba wa regulata na uzibe upande wa manifoldi. Presha iruke hadi karibu psi 43. Mpira huo ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha regulata kimetoboka. Badilisha, hakuna mjadala.

Hapa kuna mtego unaowanasa wanaofuata vitabu. Namba za presha ya injini ikiwa imetulia zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na hewa yake ina presha ya karibu kilopaskali 82 badala ya 101. Manifoldi ikiwa na kilopaskali 35, Mombasa uvutaji ni karibu bari 0.66 na geji ya mafuta itasoma karibu 2.3. Gari hilohilo Nairobi, uvutaji ni 0.47 na geji itasoma zaidi ya 2.5. Watu wamebadilisha regulata nzima kwa tofauti hiyo. Namba isiyobadilika kwa mwinuko ni ile ya mpira ukiwa umechomolewa.

Na kinyume chake kipo. Gari lenye kidhibiti busti cha mkono, lililopangwa Nairobi kwa bari 0.8, lina presha kamili ya 1.62 kwenye manifoldi. Likishuka Mombasa na geji ikasoma 0.8 ileile, presha kamili ni 1.81. Hiyo ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 12 kabla ya kukata hesabu ya joto. Pampu iliyokuwa inatosha juu inaweza kuishiwa chini, na mwenye gari ataapa kwamba petroli ya Pwani ni mbaya.

Jaribio la pili ndilo lenye uzito: presha gari likiwa kwenye busti. Usipitishe mpira wa petroli kuingia ndani ya gari. Fungia geji nje kwenye kioo cha mbele, chini ya waipa, ielekee dereva, na mwenzako arekodi kwa simu geji ya mafuta na ya busti zikionekana pamoja. Sensa ya umeme ni bora zaidi kama ipo. Mahali pawe wazi, gia ya tatu, kutoka 2,500 ukanyage. Kisha angalia video taratibu na utoe busti kwenye presha ya mafuta. Jibu libaki karibu bari 3 mwanzo hadi mwisho.

Presha ikibaki palepale kwenye bari 3 wakati busti inapanda, regulata haipati habari ya busti: mpira wake umepasuka, umechomoka, au mtu ameunganisha vifaa vingine juu yake. Forester moja ilikuja na pampu mpya, injekta zimeoshwa, na bado inafifia. Mpira wa regulata ulikuwa umekauka hadi ukapasuka kwa urefu mahali unapopita chini ya klipu. Injini ikiwa imetulia, uvutaji uliufumba ule ufa na presha ilionekana sawa. Busti ikija, ufa ulifunguka. Sentimita chache za mpira wa silikoni wa milimita 4 zikamaliza kesi.

Presha ikipanda vizuri mwanzoni kisha ikaanza kuachwa na busti kuanzia mizunguko 4,500 au 5,000, kiasi hakitoshi. Hiyo ni pampu, umeme wake, filta au kitu ndani ya tangi. Kutenganisha, injini ikiwa imetulia, minya mpira wa kurudisha mafuta kwa koleo lisilo na meno, kwa sekunde moja au mbili tu, ukiitazama geji. Ikiruka haraka kupita bari 5, pampu ina nguvu ya presha, achia mara moja. Ikipanda kwa kusitasita na kugota, tatizo liko nyuma. Mpira wa zamani uliokakamaa usiuminye. Utapasuka mikononi mwako.

Gari linalochelewa kuwaka likiwa moto, baada ya kusimama robo saa, lipimwe pia kwa kuzimwa. Presha ikidondoka haraka, minya mpira wa kurudisha: ikishika, ni regulata. Minya mpira unaoleta mafuta: ikishika, ni vali ya kuzuia kurudi ndani ya pampu. Isiposhika kote, injekta inachuruzika.

Umeme wa pampu

Hapa ndipo pampu nzima hutupwa bila hatia. Pampu ya volti 13.5 ikipewa volti 11 inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na hakuna taa itakayowaka.

Impreza na Forester nyingi za turbo za kizazi hiki zina kifaa cha kudhibiti pampu, kinachoiendesha kwa hatua tatu: asilimia 33 injini ikiwa imetulia, 67 katikati, na 100 kwenye mzigo. RomRaider inakuonyesha hatua inayoombwa na kompyuta. Ukipima volti injini ikiwa imetulia utaona namba ndogo, na hilo si kosa. Pima kwenye 100. Kompyuta ikiomba 100 na pampu ikaendelea kupata kidogo, kifaa hicho au waya zake ndio wenye ugonjwa.

Pima kwa mita kwenye soketi iliyo juu ya kifuniko cha tangi, chini ya kiti cha nyuma, pampu ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi. Tofauti kati ya hapo na betri isizidi nusu volti. Kisha upande wa hasi, kati ya pini ya hasi na bodi ya gari: zaidi ya volti 0.2 ni nyingi. Kuipima soketi ikiwa wazi hakuna maana. Waya uliobaki na nyuzi mbili utaonyesha volti 12 kamili bila mzigo.

Chomoa soketi uitazame kwa tochi. Pini inayopata moto huacha plastiki ya kahawia kuizunguka, na wakati mwingine pini yenyewe imelegea kiasi kwamba inatoka kwa kuvuta na kidole. Hii hutokea sana pale pampu ya lita 255 kwa saa ilipofungwa kwenye waya za pampu ya kiwandani, kwa sababu hunywa ampea zaidi. Kwa pampu kubwa, vuta waya mpya wa milimita mraba 4 kutoka betri, wenye fyuzi ya ampea 20 karibu na betri na rilei inayoamriwa na waya wa zamani, na hasi mpya iliyofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukiweka rilei kwenye gari lenye kifaa cha hatua tatu, ujue rilei ya kawaida haielewi hatua hizo. Mpangilio wake ubadilishwe, la sivyo itatetemeka hadi iungue.

Ndani ya tangi

Tangi la Subaru limekaa kama tandiko la punda, propela ikipita katikati, kwa hiyo lina vyumba viwili. Pampu iko upande wa kulia. Upande wa kushoto hauna pampu ya umeme. Petroli inayorudi kutoka injini inapita kwenye mdomo mwembamba na kuivuta ile ya kushoto ivuke. Mdomo huo ukiziba, au mpira wake ukichomoka baada ya mtu kubadilisha pampu, chumba cha kulia kinakauka wakati geji ya dashibodi inasema bado robo au zaidi. Gari linakohoa kona za upande mmoja na mlimani. Ukijaza tangi, limepona. Ukiona dalili hiyo, fungua vifuniko vyote viwili uangalie usawa wa petroli kila upande.

Kosa kubwa kuliko yote tunayokutana nayo humo ni mpira mfupi unaounganisha pampu na kifuniko. Mpira wa R9 unastahimili petroli ndani tu. Ukizamishwa, sehemu ya nje inavimba, inalainika na kupasuka baada ya muda. Unaotakiwa ni SAE J30R10, uliotengenezwa kuzama. Ni ghali, sentimita chache tu bei yake inamfanya mteja akune kichwa, lakini mpira wa bei nafuu unaleta kituko hiki: pampu nzima, umeme mzima, na presha inavujia ndani ya tangi lenyewe ambako hakuna anayeona tone. Ukimsikia mtu anasema pampu mpya imekufa baada ya miezi michache, muulize mpira ulikuwa gani.

Kichujio cha mdomo wa pampu kitazamwe pia. Kikiwa cheusi na kigumu, tangi lina uchafu, na kukiosha bila kuliosha tangi ni kazi bure. Kisimamishwe kigusane na sakafu ya tangi bila kukunjwa.

Kama bado unashuku pampu, ipime kwa chupa. Elekeza mpira wa kurudisha kwenye chombo cha petroli nje ya gereji, ipe pampu umeme moja kwa moja kwa sekunde 30, betri ikiwa na chaja. Pampu halisi ya lita 255 inapaswa kukaribia lita 2. Mahitaji yenyewe yanahesabika: injekta nne za sisi (cc) 440 kwa dakika, zikifunguka asilimia 85, zinatumia karibu lita 90 kwa saa, yaani robo tatu ya lita kwa sekunde 30. Lakini jaribio hili ni la presha ndogo. Kwenye bari 4 pampu hutoa pungufu. Pampu bandia zinafaulu chupa na kufeli barabarani.

Injekta

Injekta hazina maneno mengi. Upinzani wa zile za kawaida ni ohmu 11 hadi 16. Baadhi ya Impreza za zamani zina injekta za ohmu chache zenye kizuizi chake tofauti, na kuchanganya aina hizo mbili kunaunguza kompyuta. Zioshwe kwenye mashine inayopima kila moja, na tofauti kati yao isizidi asilimia 5. Ukitaka kujua kama zimefika mwisho, zidisha milisekunde za kufunguka kwa mizunguko, ugawe kwa 1,200. Milisekunde 15 kwenye 6,000 ni asilimia 75, bado ipo nafasi. Ikipita 90, hakuna pampu itakayosaidia.

Petroli yenyewe

Magari ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya kule yenye oktani karibu 100. Yetu ya kawaida iko chini ya hapo, na mafuta ya taa yakichanganywa humo oktani inaanguka kabisa. Mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara hiyo. Petroli mbaya haipunguzi presha. Inafanya injini igonge, kompyuta inarudisha moto nyuma (inachelewesha cheche ya plagi), na nguvu zinapotea bila mchanganyiko kubadilika. Kwenye RomRaider, namba ya IAM ikiwa 16 kwa kompyuta za zamani au 1 kwa mpya, kompyuta inaiamini petroli; ikishuka, usipandishe busti.

Kifaa kikishabadilishwa, futa yale kompyuta iliyojifunza, liendeshe gari taratibu, kisha rudia jaribio la barabara kwa geji ileile. Pampu kubwa ikifungwa, pima pia injini ikiwa imetulia na mpira wa regulata umechomolewa: presha ikikaa juu ya 43, bomba la kurudisha haliwezi kumeza ziada, na gari litakuwa na mchanganyiko mzito (petroli nyingi) mizunguko ikiwa chini. Gasketi ya kifuniko cha tangi iwe mpya, skrubu zikazwe kwa mshazari. Harufu ya petroli ikiwa bado imo ndani ya gari siku ya pili, kifuniko hakijakaa. Kifungue tena kabla ya kurudisha kiti.